Mbuni wa Cherehani

Majirani walimwita Mama Chakavu, naye jina hilo halikumkera. Chumba chake cha kazi kilijaa pasi za mkaa, redio za mbao na saa za ukutani zilizosahau kazi, na vyote alivigeuza sanamu. Mumewe alishajifunza kutoacha kijiko mezani, maana kingeamkia kuwa unyoya wa ndege.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa mumewe, alimletea cherehani kuukuu kutoka stoo ya mama yao. Alidai mama haitaki tena. Mama Chakavu hakuuliza mara mbili. Kwa wiki tatu alikata, akachomelea, akapiga msasa, hadi cherehani ikawa mbuni: mabawa vijiko, shingo mnyororo wa baiskeli, mdomo pale penye sindano. Ukizungusha gurudumu, ndege anadonoa.

Siku mbili kabla ya maonyesho ya sanamu zake, mama mkwe akapiga hodi, kitambaa cha mapazia kwapani. Alikuwa ameitafuta cherehani yake stoo nzima, na yule mwanawe aliyeichukua, alipobanwa, akamtaja Mama Chakavu.

Mama Chakavu angeweza kusingizia, lakini njia ya mwongo ni fupi. Akavuta shuka lililomfunika mbuni, akaeleza yote, akaomba radhi.

Mama mkwe alimzunguka ndege. Akazungusha gurudumu. Mbuni akadonoa. Akazungusha tena.

"Nimewashonea watoto watano kwa mashine hii," alisema hatimaye. "Sare, mashuka, hata shati la harusi la mumeo. Haijawahi kunichekesha hata siku moja."

"Nisamehe, mama."

"Wewe umedanganywa tu, mwanangu. Mwenye kosa namjua. Ila huyu hauzwi."

Kwenye maonyesho mama mkwe alijiwekea kiti kando ya mbuni, akawasimulia wageni nani alivaa nguo gani na aliichana wapi. Watu walinogewa, wakakawia, na kwa kukawia huko Mama Chakavu akauza sanamu nne nyingine.

Sasa mbuni yuko sebuleni kwa mama mkwe. Mapazia yanashonwa kwa mkono, na mshonaji ni shemeji mtu. Alikuwa amefika pazia la pili, lakini jana mama yake alilifumua la kwanza, eti pindo limekwenda mshazari.