Konokono wa Sukuma

Mimi si mwongo wa kuzaliwa, wacha niseme hivyo kwanza. Mradi wangu wa mwaka wa nne chuo kikuu ulikuwa kutafuta konokono wadogo kwenye kipande cha msitu kule Kesses. Nilipofika na vichupa vyangu, msitu ulikuwa umeshakatwa wote, kumebaki visiki na vumbi. Nilipekua siku tatu, sikupata hata gamba moja. Na mama yangu huko Soy alikuwa ameshaambia kanisa zima kwamba Nanzala wake anafuzu Desemba.

Nikaogopa. Nikarudi kwenye ploti ninapopanga, nikaingia kwa shamba la sukuma wiki la Mama Waiyego, mwenye nyumba, nikainua mawe yenye unyevu kando ya mfereji. Konokono walikuwa wamejaa hapo. Nikaokota arobaini, nikaandika kwenye kila kichupa: msituni, chini ya majani makavu.

Wiki iliyofuata Daktari Simeon, msimamizi wangu, aliniita ofisini akafunga mlango. Aliinamia lenzi yake juu ya konokono wa kichupa cha kwanza mpaka makwapa yangu yakalowa.

"Nanzala, huyu ni nani?"

"Konokono wa msituni, Daktari."

"Angalia vizuri. Ni mdogo kama kifungo cha shati, na ana mstari mmoja wa kahawia umezunguka gamba. Huyu hufuata watu. Utampata kwa mboga, kwa ua, chini ya mawe karibu na maji. Ndani ya msitu ule hawawezi kuwa wengi hivi."

Alifungua kichupa cha pili, cha tatu, kumi. Wote walikuwa yuleyule. Nilimchukia huyo konokono kwa roho yangu yote. Dirisha lilikuwa na vyuma, la sivyo ningeruka.

"Msitu ulikatwa," nikasema hatimaye. "Sikupata kitu. Hawa ni wa shamba la sukuma."

Nilingoja anifokee, na afadhali angenifokea.

"Ulitafuta kweli?"

Nikampa daftari langu. Siku tatu, kisiki kwa kisiki, kila mstari umeandikwa: hakuna.

Alisoma kurasa zote polepole.

"Hii ndiyo ilikuwa kazi yako," akasema. "Miti imeenda, konokono wameenda nayo. Ungeniletea hili daftari na vichupa vitupu, ningekupitisha leo."

Kisha akafungua droo, akatoa fomu ya kurudia mwaka, akanisogezea kalamu.