Ua la Manjano Kwenye Changarawe

Kaka yake alileta ua lililofungwa kwenye gazeti, akaliweka mezani bila hata kukaa.

"Limeota juu ya kaburi la mama, mdogo wangu. Shangazi anataka tung'oe yote kabla fundi hajamwaga saruji Jumamosi. Nikasema tumuulize kwanza mwenye kazi yake."

Mwenye kazi yake, dada mtu, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane katika chumba hiki cha kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Tangu mazishi ya mama, miezi mitano sasa, alikuwa hajadondosha chozi. Ndugu walishasema ana moyo wa jiwe. Kila akijipapasa ndani alikuta pamenyamaza, kama fizi iliyopigwa ganzi.

Alivuta taa, akashika lenzi. Lilikuwa ua dogo, mfano wa alizeti iliyonyimwa chakula. Petali kumi na tatu. Alizihesabu mara mbili.

"Kuna gugu la kigeni linafanana nalo sana," alisema. "Ila jani la lile halina manyoya."

Akaligeuza jani. Chini lilikuwa na manyoya meupe, mazito kama blanketi.

Mwenzake wa kazi, waliyemwita Babu Kabati kwa kuwa ndiye aliyejua kila droo, alileta karatasi tatu kuukuu zenye mimea iliyobandikwa. Wakalinganisha.

"Huyu mwenyeji," Babu Kabati akasema. "Anapenda penye shida: pakavu, penye changarawe. Ukimtilia mbolea anakonda, kama mimi nikipewa likizo."

Kaka alicheka. Dada alitabasamu kwa adabu tu.

"Kwa hiyo tuliache?"

"Fundi ajengee pembeni. Katikati abakishe udongo."

"Mama angefurahi."

"Mama hakupenda maua, kaka. Alikuwa akisema hayaliwi."

Kaka alimkodolea macho. "Sasa unataka libaki kwa nini?"

"Sijui," alisema, na kweli hakujua.

Kaka alipoondoka, alilibana ua kati ya karatasi, akaandika lebo: makaburini, udongo mkavu wa changarawe.

Jumamosi alisimama karibu na fundi mpaka saruji ikaisha. Katikati pakabaki mraba wa changarawe na mashina manne yenye maua. Shangazi alinuna, akasema kaburi limeachwa nusu. Yeye alikunja mikono ya gauni, akamsaidia fundi kuosha ndoo, na maji yake akayamwaga mbali na ule mraba.