Neno la Fundi Dawudi

Dawudi, fundi kompyuta wa mtaa wa Kamwokya, alikuwa hajui kusema haiwezekani. Si kwamba alikuwa mwongo, la hasha. Baba yake, Mnubi mmoja mkali aliyetengeneza malori ya jeshi kule Makindye, alimfunza tangu mdogo kwamba fundi akimwambia mteja haiwezekani, amefunga duka kwa mkono wake mwenyewe. Basi miaka ishirini na saba Dawudi akawa anasema, "Acha hapo, tutaona," na mara nyingi mambo yalionekana kweli. Kompyuta za mezani alizijua vizuri. Unafungua kifuniko, unachomoa kadi ya picha iliyochoka, ile inayoiwezesha kompyuta kuchora, unachomeka yenye nguvu, na mteja anakwenda zake anacheka.

Jumatatu akaja Aryemo, binti wa mama mmoja askari polisi aitwaye Santa, na laptopu mkononi. Studio moja ya katuni ilikuwa inatafuta mchoraji mmoja tu, na kila mwombaji alitakiwa apeleke filamu ya dakika moja kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Aryemo alikuwa ameshaichora yote, miezi minne ya kazi. Ilibaki kompyuta yenyewe kuipika, picha baada ya picha, mpaka iwe filamu. Lakini laptopu kila ikianza kupika, inazimika.

"Mzee, kadi ya picha ya hii inabadilishwa?"

Dawudi akaigeuza juu chini. Laptopu hakuzizoea, na moyoni alikuwa na shaka. Lakini mdomo, jamani, mdomo umeponza vichwa vingi. "Acha hapo, mwanangu. Tutaona."

Jumanne alipoifungua, akaona kwa macho yake kwamba hakuna kadi ya kuchomoa. Kile kidude cha picha kimelehemiwa juu ya bodi, kimeshikana nayo kama jino na taya. Laptopu nyingi ndivyo zilivyo: uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Mtu mwingine angepiga simu hapo hapo akasema ukweli. Aryemo alipopiga yeye, Dawudi akajibu, "Kesho, mwanangu." Jumatano, kesho tena. Alhamisi, aibu imemfika shingoni, akawasha bomba la hewa moto akajaribu kukibandua kidude kwa nguvu. Bodi ikavimba, ikanuka, ikafa.

Ijumaa saa nane, ndiyo kwanza ametoka kuswali, akamkuta Aryemo mlangoni. Mkononi ana kaveera, mfuko wa plastiki wenye chapati za moto, shukrani ya mama yake. Ya Rabi! Dawudi alitamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu, laptopu imekufa. Nimeiua mimi." Akaona uso wa binti unavyobadilika, akaharakisha. "Lakini kazi yako haijafa. Diski ni nzima. Kaa hapo."

Pale pembeni alikuwa na kompyuta yake ya mezani. Akafungua kifuniko, akachomoa kadi, akachomeka ile kubwa iliyokuwa inakula vumbi rafuni. Dakika tano, hazikufika sita. Akaunganisha diski ya Aryemo, wakatia programu yake, na kazi yote ikafunguka bila kupungua hata mstari. Aryemo akabonyeza. Picha ya kwanza ikatoka, bibi mmoja anavuka reli ya Namuwongo na kuku kwapani, safi kabisa. Dawudi akacheka kwa furaha kama mjinga. Kisha chini ya skrini yakaandikwa masaa yaliyobaki: thelathini na moja.

Wote wawili wakatazama saa ya ukutani: kabla ya saa kumi na moja hazikubaki hata saa tatu. Asubuhi Aryemo alikuwa ameshawaomba studio siku moja tu ya nyongeza, wakamkatalia.

"Hii kompyuta," akauliza polepole, "Jumatatu ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapa."

"Na hiyo kadi?"

"Ilikuwepo, mwanangu."

Aryemo hakupiga kelele. Heri angepiga, Dawudi angepata la kujitetea. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa ameshaketi mapajani.

Hapo hapo akaingia bwana mmoja na laptopu yake. "Ssebo, bwana fundi, kadi ya picha ya hii mnabadilisha?"

"Haiwezekani," Dawudi akasema. Mara ya kwanza maishani mwake.

"Fundi gani wewe!" Bwana akasonya, akavuka njia kwa Kidega, fundi wa pili. Wakamsikia Kidega waziwazi: "Acha hapo, tutaona."

Aryemo akainuka. "Neno lenyewe lilikuwa hilo la haiwezekani tu, mzee," akasema. "Ungenipa Jumatatu, ningekushukuru."

Akaiweka kaveera ya chapati mezani, maana mama yake alimtuma aifikishe, akatoka. Kompyuta ikaendelea kupika.