Adabu ya Gona

Watu wa Malindi watakwambia kwamba Gona aliumizwa na gunia la mahindi. Waache waseme. Mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa gunia hilo, na najua kilichomuumiza.

Naitwa Dena. Ni hamali katika ghala la Vallabhdas tangu siku ambazo simsim ilijaa humo mpaka kwenye boriti, na mgongo wangu ni mzima mpaka leo. Si bahati. Najua kuinua mzigo, na sina subira na mtu asiyejua. Wapo vijana wanaojiona mafahali, wanainama juu ya gunia kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, kisha wakifika miaka thelathini wanatembea wameshika kiuno. Hao siwaonei huruma, kwa sababu niliwaambia.

Gona alikuwa mume wa binti yangu. Mwaka ule mahindi ya Ganze yalikauka yangali mabichi, akaja mjini pamoja na Kahonzi, mtoto wangu wa pekee, akajenga kibanda hatua chache kutoka changu. Kahonzi alinijia siku ya kwanza, hata vumbi la safari hajaliosha.

"Baba, mtafutie kazi," aliniambia. "Lakini umtunze. Nina mimba, na sina mwingine zaidi yake."

Nikamwahidi.

Ghalani tunainua wawili wawili, tumetazamana, kila mmoja ameshika masikio ya gunia, zile pembe zake mbili, upande wake. Nikamchukua Gona awe mwenzangu, nikamfundisha mwenyewe.

"Usiiname, chuchumaa," nilimwambia. "Gunia likae karibu na miguu yako, liguse miundi."

"Ndiyo, baba."

"Kifua wazi. Mgongo unyooke kama ubao. Vuta pumzi, uifungie tumboni. Sasa usivute kwa mikono, sukuma ardhi kwa visigino. Na macho yako yawe usoni kwangu mpaka tusimame. Kichwa kikishuka, mgongo unakifuata."

Yote aliyashika siku hiyohiyo, isipokuwa hilo la mwisho. Kwetu mtu hamkazii macho baba mkwe wake. Akikutana naye njiani humpisha, akisema naye hutazama chini. Na Gona alikuwa amelelewa vizuri kupita kiasi. Kila tulipochuchumaa, macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu vya miguu, na mgongo wake ulipinda hapo kiunoni. Nilimkaripia, akaomba radhi, akainua vilevile.

Karisa, mnyapara wetu, aliliona jambo hilo siku ya tatu. Ni mtu wa maneno machache. Alinivuta kando, nyuma ya mizani.

"Dena, nipe huyu nifanye naye kazi mimi. Mimi si mkwe wake. Ataniangalia."

Lilikuwa jambo jepesi, la kubadilishana nafasi tu. Nikakataa. Nitasema ukweli kwa nini, maana nimechoka kuuficha. Mahamali walikuwa wakinisifu. "Dena amepata mkwe," walisema, "hata mzigoni ana adabu." Wengine walikuwa na wakwe walevi, nao walinionea wivu. Kichwa kikanivimba. Nilipenda kumwona mwanamume mwenye nguvu kama yeye akiinamisha uso mbele yangu, gunia baada ya gunia, kutwa nzima. Nikamjibu Karisa kwamba kijana atazoea.

Hakuzoea. Mwezi wake wa pili ghalani ilinyesha mvua kubwa, na magunia ya karibu na mlango yakalowa. Gunia lililolowa ni kitu kingine, huwezi kulinganisha na kavu. Tulishika la kwanza, nikaona Gona ameshaanza kupinda kabla hata halijaondoka chini. Hasira zangu ziko karibu siku zote.

"Nitazame mimi!" nikampigia kelele. "Nitazame usoni, wewe!"

Akainua uso. Gunia lilikuwa limefika magotini. Macho yetu yakakutana, naye akaona aibu, akayashusha papo hapo, kichwa chake chote kikashuka nayo. Mgongo ukafuata. Sikusikia kitu kukatika, ila yeye alisema "Baba" kwa sauti ndogo, akakaa chini taratibu, gunia likamwangukia mapajani. Tulipoliondoa hakuisikia miguu yake.

Mganga alimkanda, akachoka. Daktari wa serikali alimchoma vidole vya miguu kwa pini, akatikisa kichwa. Gona akawa mtu wa kulala mkekani, na Kahonzi, mimba ikiendelea kukua, ndiye aliyemgeuza, aliyemwogesha, aliyemwinua kumtoa kwenye uchafu. Mimi nilikaa nje ya kibanda chao na mikono yangu hii miwili. Baba mkwe haoni uchi wa mkwe wake. Nilisikia binti yangu akihema ndani.

Asubuhi moja nilimsikia Kahonzi akilia kwa maumivu. Sikuweza kuvumilia tena. Nikaingia. Alikuwa ameinama juu ya mumewe, amemshika chini ya makwapa, hawezi kumpandisha wala kumshusha. Nikamsogeza kando, nikachuchumaa, nikamwinua Gona kama inavyopasa, nikamlaza kwenye mkeka safi. Alikuwa mwepesi. Hakuwa na nguo mwilini. Alifunika uso kwa mkono wake, akalia bila sauti, mbavu zikitikisika.

"Toka, baba," Kahonzi alisema. "Umemmalizia heshima yake iliyobaki."

Baada ya siku nne ndugu zake Gona walifika kutoka Ganze na kitanda cha kamba. Yeye ndiye aliyewaita, kwa sababu hakuweza kuishi karibu na mkwe aliyemwona vile. Kahonzi alifunga vyombo vyake, akajitwika kichwani, mimba yake ikiwa ya miezi saba. Nikamwomba abaki mpaka ajifungue.

"Na yeye atainuliwa na nani?" aliniuliza.

"Basi nije nikusaidie."

"Usitufuate, baba. Akikuona tena atakufa. Mtoto akizaliwa nitatuma mtu."

Tangu siku hiyo mavuno yamepita mara mbili, na hakuna mtu aliyekuja. Watu wa Ganze huleta mahindi ghalani kila msimu, na mimi ndiye ninayewapokea mlangoni. Mwanzoni nilikuwa nikiwauliza habari za mtoto. Siku hizi nawauliza tu kama kuna mwanamke aitwaye Kahonzi, na kama bado anatembea wima. Wengi wao hawamjui.