Chakula cha Nyumba ya Mkwe

Wa kwanza kuchanganyikiwa alikuwa Onyango, na alianza mapema, hata kufika hawajafika. Ndege ya kutoka Nairobi ilipotua Frankfurt alfajiri, mzee aliteremsha begi lake, akavaa kofia, akamtangazia mkewe kwamba hii ndiyo Sweden na kwamba haina ajabu yoyote. Jennifer akamwambia hapa ni Ujerumani, wanabadilisha ndege tu. Onyango hakukubali. Alikuwa ameendesha kreni bandarini Kilindini miaka thelathini na mmoja, amepakua meli za Hamburg hata hesabu imempotea, na kwa ufahamu wake Ujerumani ilikuwa nchi ya pwani. Hapa hapakuwa na maji hata ya kunawa miguu. "Basi Wajerumani wamehama," akasema, akaenda kujipanga kwenye foleni ya watu wanaotoka nje. Jennifer ilibidi amvute kwa mkono wa koti mbele ya askari wawili, huku akicheka cheka kama mjinga.

Walikaa pale saa tano. Onyango alikula soseji, akaisifu, akalala. Jennifer hakupata usingizi. Yeye alikuwa na haja moja tu na safari hii, na alikuwa ameibeba kutoka Changamwe kwa uangalifu kuliko begi la unga na dagaa. Binti yao Valerie aliondoka nyumbani miaka tisa iliyopita kwenda kusoma Stockholm, akapata kazi, akapata mume, Msweden anayeitwa Filip. Harusi waliiona kwenye simu, picha ikikwama kila mchungaji akifungua mdomo. Sasa Valerie amewaita likizo ya siku kumi. Jennifer alitaka kulala siku hizo kumi chini ya dari ya mwanawe, aamke asikie vikombe jikoni, aone kwa macho yake anaishije na mumewe. Simu haimwambii mama kitu. Kwenye simu kila mtu anatabasamu.

Kizuizi chake alikuwa naye hapo hapo, anakoroma.

Onyango alikuwa Mjaluo wa kufuata aliyoachiwa na baba yake. Mwanamume halali nyumba ya mkwewe. Kitanda cha mkwe hakigusi, na chakula cha mkwe anakipita kando. Walipomtembelea binti yao mkubwa aliyeolewa Nakuru, mzee alikula mkate na maziwa ndani ya gari, madirisha yamepandishwa, watoto wa jirani wakimchungulia. Jennifer ni Mtaita wa Wundanyi. Alikuwa amevumilia Nakuru kwa sababu Nakuru ni kwenda na kurudi. Sweden je? Mtu atakula garini siku kumi, na gari lenyewe la nani?

Uwanjani Stockholm walipokelewa na Valerie na Filip. Valerie alimkumbatia mama yake muda mrefu. Alikuwa amekonda. Filip, kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu, aliinama mbele ya Onyango akasema, "Karibuni, baba. Mumefika muzuri?" Kumbe alifanya kazi kwenye kiwanda cha malori Södertälje pamoja na Wakongo, na Kiswahili amekiokota kwao. Onyango alimjibu kwa heshima zote, kisha akamnong'oneza mkewe kwamba huyu bwana ni Mzungu wa Goma.

Nyumba ilikuwa Hallunda, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya nne, vyumba viwili na jiko. Walivua viatu mlangoni. Valerie akawapeleka moja kwa moja chumbani. Kitanda kilitandikwa shuka mpya nyeupe, taulo zimekunjwa juu yake. "Nyinyi mtalala humu," akasema. "Mimi na Filip tutakaa sebuleni."

Jennifer alimtazama bintiye kwa mshangao. Mtoto huyu alikuwepo Nakuru. Ndiye aliyempelekea baba yake ule mkate garini. Anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba baba yake hata kizingiti cha chumba hiki hatakivuka.

Na hakukivuka. Onyango alisimama ukumbini, akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameshalipia chumba kwenye hosteli moja ya mjini, karibu na maji. Alichapishiwa Mombasa, kimya kimya, mkewe hana habari. "Sisi ni watu wa likizo," akasema, akiangalia ukuta. "Watu wa likizo hulala hosteli."

Jennifer alisikia damu inampanda. Alingoja Valerie apinge, alie, amshike baba yake mkono. Mtoto aliyewaita kwa miaka miwili, kila Jumapili, njooni, njooni.

"Sawa, baba," Valerie akasema. "Filip atawasindikiza."

Basi hapo ndipo Jennifer naye alipochanganyikiwa, na kuchanganyikiwa kwake kulikuwa kubaya zaidi kuliko kule kwa Frankfurt. Saa tatu za usiku jua lilikuwa bado limening'inia dirishani, hosteli wakadai kila mgeni aje na shuka zake au akodi, watu kwenye ngazi za umeme wamesimama upande mmoja kimya, utadhani wanaenda kuzika. Yote hayo angeyazoea. Lile "sawa, baba" lilikataa kumwingia akilini.

Siku ya pili walirudi Hallunda saa tano asubuhi kwa treni ya chini ya ardhi. Valerie alikuwa amekwenda mpaka Rinkeby kutafuta samaki na mboga, akapika ugali wa unga ule ule wa Changamwe. Onyango alisema chakula cha ndege bado kimemkaa. Akanywa maji glasi mbili, amesimama. Filip alifungua droo tatu akitafuta vijiko, akamwuliza Valerie kwa Kiswidi, Valerie akaenda kuvitoa mwenyewe. Jennifer alikula kwa niaba ya wawili mpaka tumbo likauma, na kila akiinua macho alimwona Filip anamtazama mzee kwa huzuni, kama mtu anayedaiwa radhi.

Jioni, hosteli, alimfungulia mumewe mdomo.

"Umetoka Mombasa kuja kunywa maji Hallunda?"

"Maji yao ni mazuri."

"Onyango, usinitanie. Yule kijana anadhani humtaki. Ametupa kitanda chake."

"Ndiyo hasa, Mama Vale. Kitanda chake. Chake yeye na binti yangu. Unataka nilale pale niote ndoto gani?"

"Mwambie basi sababu."

"Nimwambie binti yangu habari za kitanda chake na mumewe?" Onyango aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Mimi, baba yake?"

Hapo mzee alikuwa amejifungia ndani na ufunguo ameumeza. Mila ilimkataza kulala, na mila hiyo hiyo ilimkataza kueleza kwa nini halali. Yeye mwenyewe Jennifer, pamoja na Utaita wake, alipojaribu kuipanga sentensi hiyo kichwani aliona haya. Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Alikata kauli kwamba kesho ataenda peke yake, mapema, amwambie Valerie apige magoti mbele ya baba yake. Onyango ana maneno mengi, lakini binti akipiga magoti hana jibu.

Saa mbili kasorobo asubuhi ya siku ya tatu Jennifer alikuwa ameshateremka Hallunda, anajipongeza kwa kutopotea. Alipita mbele ya maduka ambayo hayajafunguliwa. Basi lilisimama kituoni, watu wanne wakashuka, na wa nne alikuwa Filip, begi mgongoni.

Wote wawili walisimama.

"Mama," Filip akasema. "Uko peke yako? Baba iko wapi?"

"Baba amelala. Wewe unatoka wapi saa hizi?"

Angeweza kusema ametoka kununua mkate. Angeweza kusema zamu ya usiku, ingawa alikuwa amewaambia yuko likizo. Jennifer mwenyewe alikuwa tayari kumwamini, amemwandalia hata nafasi ya kudanganya kwa kugeuza uso kidogo. Lakini Filip alikuwa mtu asiyejua kudanganya bila kufundishwa kwanza. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikaa kwenye benchi la kituo, na Jennifer akakaa pembeni yake.

"Mie silalake hapa tena, mama. Tangu mwezi wa pili. Minakaa Södertälje, kwa Dieumerci, rafiki ya kazi."

"Mligombana?"

"Hapana."

"Ulimpiga?"

"Hapana, mama." Alimtazama kwa hofu. "Tulichoka tu. Njo vile. Tiketi zenu zilikuwa zimeshanunuliwa. Valerie akalia, akasema, nisaidie siku kumi."

Jennifer alisikia maneno yote, na yote yalikuwa Kiswahili, lakini hayakutaka kukaa pamoja. "Na kitanda?" akauliza. "Mbona mlitupa kitanda?"

Filip aliangalia viatu vyake. "Valerie alisema, baba atakatala. Alisema baba hawezi kulala kwa mukwe, hawezi kukula kwa mukwe. Kwa hiyo mutakuya muchana, mutarudi mangaribi. Na mie nitakuya muchana, nitarudi mangaribi."

Kumbe. Binti yake alikuwa ameichukua mila ya baba yake akaifanya pazia. Jennifer alipandwa na hasira, akataka kupanda ghorofa ya nne wakati ule ule amshike mtu masikio. Siku tatu amegombana na mumewe kwa ajili ya mkwe ambaye hayupo. Amekula samaki wa watu wawili. Halafu hasira ikamtoka bila kuaga. Alimwona Valerie mwezi wa pili, jioni, katika vile vyumba viwili, giza la mapema la huku, anapokea simu ya Jumapili. Na yeye mama mtu anamwuliza, Filip hajambo? Na mtoto anajibu, hajambo, mama, anawasalimu.

"Leo usipande," alimwambia Filip. "Mwambie umeitwa kazini. Nenda ukapumzike." Alitaka kumwita mwanangu, hakujua kama bado anaruhusiwa. Akamwita hivyo hivyo.

Kurudi mjini alipitiliza kituo chake. Alikwenda mpaka mwisho wa reli, akateremka na wote, akapanda tena. Hakujua aseme au anyamaze. Akinyamaza, watacheza mchezo huu siku saba zilizobaki, kila mtu na sehemu yake. Akisema, atakuwa amemvua mtoto nguo mbele ya baba yake. Lakini akisema, Onyango hatakuwa na sababu tena. Nyumba ile haikuwa ya mkwe. Kile alichokuwa akikiomba tangu Changamwe, kulala kwa mwanawe, kilikuwa kimekubaliwa, na alitamani kumrudishia Mungu.

Alimkuta Onyango anajinyoa mbele ya kioo kidogo cha hosteli. Akamwambia yote, amesimama mlangoni, bila kupamba. Mzee hakugeuka. Wembe ulisimama shavuni.

"Tangu lini?"

"Februari."

"Na sisi tunampigia kila Jumapili."

"Kila Jumapili."

Onyango aliosha uso, upande mmoja umenyolewa, wa pili bado. Kisha akaanza kutoa shuka kitandani. Alizikunja vizuri, kona kwa kona, akazipeleka mapokezi mwenyewe, akarudi kubeba begi.

Saa saba mchana Valerie aliwafungulia mlango. Aliyaona mabegi kwanza, akayapita kwa macho haraka haraka. "Filip ameitwa kazini ghafla," akasema. "Anaomba msamaha. Nimepasha ule ugali wa jana na samaki. Baba, nakuletea maji."

"Maji baadaye," Onyango akasema.

Alivua viatu, akaenda kunawa mikono kwenye sinki la jikoni, akajifuta. Akavuta kiti, akakaa mezani. Alivuta sahani karibu, akamega tonge, akalifinyanga bila haraka, akalichovya kwenye mchuzi, akala.

Valerie alikuwa amesimama na jagi mkononi. Alimtazama baba yake akitafuna. Alimtazama akimega tonge la pili. Miaka kumi na miwili dada yake anapika Nakuru, mzee hajaonja hata chumvi. Jennifer akalichukua jagi akaliweka chini.

"Baba," Valerie akasema. "Unakula."

"Nakula kwa mtoto wangu," Onyango alisema, hakuinua uso. "Keti. Na nguo za mama yako zitoe kwenye begi, zisijikunje."