Bado Vifungo Tu

Mtaa mzima ulimwita fundi yule Bado Vifungo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukienda kuchukua nguo yako, hata kama kitambaa bado kimekunjwa vilevile ulivyokileta, atakutazama machoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na kusema: "Bado vifungo tu. Njoo kesho." Miaka kumi na sita hiyo!

Basi Jumapili moja akaokoka. Jamani, watu walicheka! Muuza mkaa wa jirani aliuliza, "Kaokoka kabisa, au bado vifungo?" Mkewe hakucheka. Alimwambia tu, "Baba watoto, machozi ya kanisani nimeyaona mengi. Siku utakayomwambia mteja ukweli nikisikia kwa masikio yangu, hapo nitaamini." Neno hilo lilimchoma fundi. Dunia nzima imcheke, sawa, lakini huyu alitaka amwamini.

Akaanza kutubu kwa vitendo. Alishusha vitambaa vya watu vilivyozeeka rafuni, akashona wiki tatu bila kuinua kichwa, akawapelekea wenyewe hadi milangoni. Mmoja alipelekewa sare ya shule ya mtoto ambaye sasa ana ndevu. Kumbe katika kuhangaikia ya zamani, akasahau ya sasa! Ijumaa asubuhi akaingia shangazi wa bibi harusi, mwanamke wa sauti na mwili. Harusi ni kesho, na gauni lake bado lilikuwa kitambaa ndani ya mfuko, juu ya msumari.

"Fundi, nipe gauni langu niende zangu."

Ulimi wa fundi, kwa mazoea, ukatangulia: "Mama, bado vi..." Pale mlangoni mkewe, aliyekuwa amemletea chai, akasimama na kikombe mkononi. Fundi akamwona, akalikatiza neno.

"Mama, nimekukosea. Hata kukata sijakata."

Shangazi akaangua kicheko. "We Bado Vifungo na utani wako!" Fundi akashusha mfuko, akamwonyesha. Kicheko kikakatika. Matusi yakafuata, na fundi alipewa ya kutosha na ya akiba juu. Kisha shangazi akavua viatu, akaketi kwenye benchi, akakunja mikono.

"Angalau leo najua nilipo. Ungenidanganya, kesho ningekwenda harusini na nguo ya jikoni. Kata! Siondoki hapa."

Akakata. Mkewe akashika pasi bila kuombwa. Shangazi naye, alipochoka kununa, akaanza kusimulia vituko vya bwana harusi siku aliyokuja kuposa, mpaka wote watatu wakashika mbavu.

Alasiri fundi akakata uzi kwa meno, akainua gauni.

"Mama," akasema, "bado vifungo tu."

Shangazi akaruka kutoka kwenye benchi, akalinyakua gauni, akageuza mikono, akakagua pindo, akapekua bitana, akitafuta kasoro asiione.

"Haki ya Mungu," akasema taratibu, "ni vifungo kweli."

Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Akavuta kigoda karibu na mumewe, akachukua sindano.

"Lete hivyo vifungo, baba watoto," akasema. "Na Jumapili usinitangulie. Tutakwenda wote."