Tumbo la Mpira

"Papa Shafi, usiogope," alisema daktari Emery, mikono yake ikichuruzika maji ya sabuni. "Profesa alikimbia, bale bengine balikimbia, nilibakia miye. Lakini matumbo yako ya mpira, nilishona kumi ya mwisho. Hata moja haikuvuya."

"Njo vile, docteur. Nilikuwa pale."

Mlango ukafungwa nyuma ya Sofia, binti wa pekee wa Shafi, ambaye mtoto wake alikuwa amekwama tumboni tangu jana.

Shafi alikuwa fundi viatu wa mtaa wa Makomeno. Kwa miaka minne aliwatengenezea madaktari wanafunzi matumbo ya uzazi ya mpira, wajifunze kupasua na kushona kabla ya kumgusa mwanamke hai. Kipimo cha profesa kilikuwa kimoja: ukimaliza kushona, tumbo linajazwa maji na kuminywa. Likivuja, unaanza upya. Wakati ule Shafi alitumia mpira mwembamba wa baiskeli, na kila wiki tumbo la Emery lilivuja.

"Docteur, mugonjwa wako anakojoa!" Shafi alimtania, na darasa zima likaangua kicheko.

Kisha maduka yakakauka. Mpira wa baiskeli ulipokosekana, Shafi akakata wa lori, mnene, wa kudumu. Tangu siku hiyo hakuna tumbo lililovuja. Profesa alimpa mkono mbele ya wote: "Fundi, ona, bamepata mikono ya kushona." Shafi alirudi nyumbani kifua mbele.

Halafu askari wakaupora mji. Hospitalini walibeba taa, makabati, hata vitasa. Tumbo la mpira hakuna aliyelitaka. Lilikuwa chini ya benchi alilokalia sasa, kazi ya mwisho ya Emery. Shafi akaliokota, mikono yake ipate cha kufanya.

Alizitazama nyuzi kwa jicho la kazi yake. Mbili zilipishana. Mmoja ulining'inia, haukukamata kitu. Akaenda bombani, akalijaza, akaliminya. Kavu. Akatoa kisu chake cha ngozi, akakata nyuzi tatu mfululizo, akaminya tena. Bado kavu. Midomo ya mpira ule mnene ilibanana yenyewe, bila uzi, bila daktari.

Ndani, mtoto akalia. Shafi akafumba macho ashukuru.

"Mulete bitambaa!" Ilikuwa sauti ya Emery. "Bingine! Leta bingine, damu haisimami!"

Shafi alisimama mbele ya mlango usio na kitasa. Akaliminya lile tumbo kwa mikono miwili, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akiomba livuje, hata tone moja.